Gauni la Kipaimara

Niliingia kwenye duka lile la Singida mjini kwa sababu ya bango la punguzo mlangoni. Nilikuwa natafuta gauni jeupe la kipaimara cha binti yangu. Muuzaji, mama wa rika langu, aliposikia natoka Mwankoko alinisalimia kwa Kinyaturu, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akanichagulia gauni yeye mwenyewe.

"Hili nilikuwa nimeliweka pembeni," alisema.

Sikulikagua. Niliona nimempata ndugu.

Nyumbani, binti alipolijaribu, zipu haikufunga. Ilikuwa imekufa, imeshikizwa kwa pini mbili upande wa ndani.

Kesho yake nililirudisha. Nilimsalimia kwa Kinyaturu, naye akajibu kwa Kiswahili bila kuniangalia. "Nguo za punguzo hazirudishwi, mteja."

"Kwa hiyo jana ulijua zipu ni mbovu?"

"Ndiyo maana gauni lilikuwa na punguzo."

Nilichukua gauni langu, nikatoka. Fundi cherehani wa sokoni aliibadilisha zipu siku hiyohiyo, na binti alipendeza kanisani. Lakini nilikuwa nimeshawasifia majirani wawili duka lile. Jioni ya siku ile niliyokwenda kwa fundi ilibidi niende kuwaambia wasinunue pale, na nilipofika mlangoni kwao niliona aibu, kana kwamba mimi ndiye niliyedanganya.