Kumchagulia Mama Mkwe Fimbo Nyepesi

Mke wangu alikuwa Uvira kwa semina ya kazi siku mama yake alipotangaza kwamba atakwenda Mumosho kwa miguu. Alitangaza akiwa jikoni, nami nilisikia nikiwa sebuleni, kwa maana mimi na mama mkwe wangu hatukuwa watu wa kukaa chumba kimoja. Kwetu mkwe wa kiume hamshiki mkono mama wa mke wake, hali chakula mbele yake, hambishii, na akikutana naye njiani husogea pembeni. Kijijini hilo halina shida, njia zipo nyingi. Lakini tangu alipofiwa na mumewe alikuwa akiishi nasi Nguba, mtaa wa mji wa Bukavu, na korido ya nyumba yetu ni nyembamba. Karibu kila asubuhi mmoja wetu alirudi kinyumenyume hadi chumbani kwake ili mwingine apite.

Safari yenyewe ilikuwa ya kundi la wamama wa parokia. Walikuwa wamealikwa kwenye sikukuu ya parokia ya Mumosho, nje ya mji, na waliapa kwamba hakuna atakayepanda gari. Mama mkwe wangu alilima milimani maisha yake yote, moyo wa kutembea anao. Magoti ndiyo yalikuwa yamechoka. Daktari wake wa viungo, ambaye sisi tunamwita kine, alimwambia kupanda si tatizo, tatizo ni kushuka. Akamwagiza fimbo mbili za kutembelea, nyepesi, moja kila mkono.

"Mukongojo?" mama mkwe aliuliza kutoka jikoni, kana kwamba mimi ndiye kine. "Mimi bado sijazeeka."

"Siyo mukongojo, Maman. Ni za sport."

Nikasikia sufuria zikianza tena kugongana. Nadhani neno "sport" lilimpendeza.

Jioni nilimpigia mke wangu simu nimweleze kwamba nitanunua hizo fimbo nikitoka kazini.

"Usinunue peke yako," alisema. "Utamuletea yoyote, atasema ni mukongojo. Umupeleke achague mwenyewe."

"Nimupeleke namna gani? Ule ni maman!"

"Wewe utatembea mbele, yeye nyuma. Bukavu iko na barabara, haiko korido."

Basi Jumamosi tukatoka. Mimi mbele, yeye nyuma, tukipanda kuelekea katikati ya Ibanda, yaliko maduka. Nikisimama, anasimama. Nikiongeza mwendo, anaongeza. Jirani mmoja alituona akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimekamatwa.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimesoma sana kwenye simu yangu. Nilijua sasa kwamba fimbo nyepesi kuliko zote ni za kaboni, kwamba za alumini ni nzito kidogo ila zinavumilia, kwamba kishikio cha kizibo hakitelezi kwa jasho, na kwamba zile zinazofungwa kwa klipu ni za kuaminika kuliko zile zinazokazwa kwa kuzungushwa. Nilijiona profesa. Jambo moja sikulifikiria: profesa gani huyu asiyeruhusiwa kumbishia mwanafunzi wake?

Duka la kwanza liliuza mipira, makombe na jezi. Mwenye duka, bwana aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri, alitoa fimbo mbili nyeusi kwenye mfuko wa kitambaa polepole, kama anayetoa mkufu wa dhahabu.

"Maman, hizi ndizo nyepesi kupita zote. Ni carbone."

Mama mkwe alitazama ukuta. Anapozungumza nami huwa anatazama ukuta. "Mukwe, anasema ni za nini?"

"Za kaboni, Maman. Ni kitu kama... kama makala, lakini makala iliyotengenezwa..."

"Fimbo ya makala!"

Aliichukua, akaisugua kwa kidole gumba, akakiangalia kidole kama kimechafuliwa na makaa. "Makala mimi naijua. Inavunjika hata haujaigusa. Na mvua ikinyesha?"

"Haivunjike, Maman," mwenye duka alisema, akaikunja mbele yake kuonyesha. "Ona!"

"Ikivunjika nitapika nayo," alijibu mama mkwe, akainyanyua apime uzito.

Hapo ndipo tulipoharibu. Mkono wake umezoea jembe na mchi, na aliutayarisha hivyo. Ile fimbo haikuwa na uzito wowote. Ilipaa, ikapita juu ya kichwa cha mwenye duka, ikachoma wavu wa mipira uliokuwa ukining'inia darini. Mipira ikamwagika. Ikadunda kaunta, ikadunda mlangoni, ikatoka nje, na kwa kuwa Bukavu hakuna barabara iliyo tambarare, ikaanza kuteremka kuelekea ziwani. Wenye pikipiki waliikimbiza huku wakicheka. Mimi na mwenye duka tuliikimbiza bila kucheka. Tuliporudi tunahema na mipira mikononi, mama mkwe alikuwa bado amesimama palepale, fimbo imeshikwa kwa vidole viwili tu.

"Hii haina kitu ndani," alisema.

Tuliomba radhi tukaondoka.

Duka la pili halikuwa duka. Lilikuwa turubai chini, pembeni ya soko, ambapo mtu mmoja anauza vitu vya balo, yale mavazi na viatu vilivyokwisha kuvaliwa Ulaya. Alikuwa mchangamfu, mwenye maneno mengi. Kwanza alimletea mama mkwe fimbo mbili ndefu zilizomfika kwenye paji la uso.

"Hizi, Maman, bazungu banatelezaka nazo juu ya theluji."

"Mimi natafuta kitu ili nisiteleze, wewe unaniletea ya kutelezea?"

Mtu yule akacheka, akafukua zaidi. Akaibuka na rundo la vyuma, na katikati yake fimbo mbili za alumini, za rangi ya zambarau, zinazorefuka na kufupika kama antena ya redio. Kishikio chake kilikuwa cha kizibo. Mama mkwe alikinusa.

"Hii ni kizibo ya chupa ya divai."

"Ndiyo, Maman," nilisema, "ni nzuri kwa jasho."

"Niende kwa sikukuu ya kanisa nimeshika vizibo?" Lakini aliendelea kushika. Alifunga vidole, akafungua, akafunga. Nikaona kimempendeza. Kisha akasema mkono wake ulishadanganywa mara moja siku ile, akavuka na fimbo hadi kwa mama aliyekuwa akiuza sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, akaomba mizani. Mama yule akaondoa samaki, akalaza fimbo zote mbili, wakainama wote wawili kuangalia, wakashauriana kwa Mashi, lugha ya kwao, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma mizani.

"Ziko nyepesi," mama mkwe aliuambia ukuta wa karibu. "Lakini ziko na kitu ndani."

Ikabaki urefu. Kanuni ni rahisi: fimbo ikigusa chini, kiwiko kikunjike kama pembe ya dirisha. Mimi siwezi kumgusa kiwiko mama mkwe wangu. Nilikunja changu nikamwonyesha, naye akatazama pembeni kwa heshima, kwa hiyo hakuona. Muuzaji akajitolea, akamshika kiwiko, akapigwa kibao cha mkono. Mwishowe nilimpigia mke wangu, nikaweka simu kwenye sauti kubwa juu ya rundo la viatu.

"Maman, kunja mukono!" sauti ilitoka Uvira.

"Nimekunja!"

"Umekunja sana ao kidogo?"

"Niko najua? Bwana yako anaangalia mawingu!"

Muuzaji, mama wa sambaza na watu waliosimama kuchagua suruali wakaanza kusaidia kwa pamoja: punguza, ongeza, hapana, rudisha. Kiwiko kikapata pembe yake kwa kura ya watu wengi. Kisha muuzaji akakaza viungo vya fimbo kwa kuvizungusha, na mimi nikakumbuka nilichosoma.

"Maman," nilisema kwa upole, "kuna zingine za klipu, hazilegeake..."

"Hizi zinapendeza," alisema.

"Ndiyo, Maman."

Siku ya safari nilipewa amri kutoka Uvira nimsindikize. Nilikuwa mwanaume pekee katikati ya wamama, nimevaa raba zilizokwisha soli, nimebeba maji ya kundi zima. Mama mkwe alitangulia. Fimbo zilimfanya kuwa mtu mwingine: mgongo umenyooka, miguu inakwenda, chuma kinagonga lami, tak, tak. Wenzake walianza kwa kumtania kwamba amejipatia miguu minne. Kufika mlima wa kwanza walikuwa wakimwomba wajaribu kidogo, naye akikataa.

Mvua ilikuwa imenyesha. Tulipoacha barabara kubwa na kushika njia ya mkato inayoshuka katikati ya mihogo na migomba, udongo ulikuwa laini kama sabuni. Nikiwa nyuma yake, kwa mbali, niliona jambo. Fimbo yake ya kushoto ilikuwa inafupika. Kila alipoiegemea, ilimezwa kidogo. Alianza kuinama upande, kama nyumba ambayo mvua imeiondolea udongo chini. Wamama waliona pia, wakanigeukia mimi. Mimi ndiye mkwe, mimi ndiye niliyempeleka sokoni.

Nilikohoa. "Maman, tuko sawa?"

"Tuko sawa."

"Haujione kama umepinda?"

"Ni mulima ndio umepinda."

Nikaamua nitangulie, nisimame mbele yake, nimwonyeshe kwa vitendo. Lakini njia ilikuwa nyembamba, na nisingeweza kupita karibu yake nikamgusa. Nikakanyaga majani ya pembeni. Majani yakaondoka na mguu wangu. Nilimpita mama mkwe wangu nikiwa nimekaa.

"Mukwe!" nilimsikia akiniita kutoka juu. "Unaenda wapi?"

Nilikwenda hadi mtaroni chini ya migomba, pale matope yalipokuwa mengi zaidi, nikaishia ndani yake hadi kiunoni. Kila nilipojaribu kuinuka, nilikaa tena. Mama mkwe akashuka taratibu mpaka ukingoni, akasimama imara, akaninyooshea ile fimbo ya kushoto. Nilifurahi. Hatutagusana, yeye atashika kizibo, mimi nitashika chuma.

"Kamata!"

Nikakamata. Akavuta. Fimbo ikaanza kurefuka. Akarudi nyuma hatua, ikarefuka zaidi. Nikainuka nusu, nikamwona akitabasamu kwa ushindi, kisha kiungo kikaachia kabisa, kipande cha chini kikabaki mikononi mwangu, nami nikarudi chali nilikotoka.

Halafu nikasikia sauti ambayo katika ndoa yangu yote sikuwahi kuisikia. Mama mkwe wangu alikuwa anacheka. Si kile kicheko cha kufunika mdomo. Alicheka hadi akashika mgomba. Wamama wote wakapata ruhusa, mlima mzima ukacheka. Hata mimi, mdomo umejaa udongo.

Alipomaliza alijifuta macho, akachomeka ile fimbo nyingine udongoni mpaka ncha ikazama, akaninyooshea mkono.

"Leta mukono."

"Maman, siwezi."

"Hauwezi nini? Nikamuambie mutoto yangu kwamba nilimuachia bwana yake ndani ya matope juu ya heshima?"

Nilimpa. Mkono wake ulikuwa mgumu na wa moto. Hakunivuta kama unavyomsaidia mtu. Alining'oa, kama anavyong'oa muhogo, mara moja, na nikajikuta nimesimama ukingoni. Akaniachia haraka, akageukia kundi.

"Hamukuona kitu."

"Hatukuona!" walijibu kwa pamoja, macho yote kwetu.

Tulichuchumaa kuunganisha fimbo. Nikamweleza hatimaye kuhusu klipu na kuzungusha. Alisikiliza, akakaza kiungo kwa nguvu zake zote. Mpaka leo hakuna aliyeweza kukifungua.

"Juu ya nini haukunisemea kule sokoni?"

"Maman, ulisema zinapendeza."

"Zinapendeza, ndiyo. Nilikuambia unyamaze?"

Mumosho tulifika misa ikianza. Suruali yangu haikuweza kuingia kanisani, kwa hiyo wamama waliifua nyuma ya nyumba ya masista na kunifunga kitenge cha sikukuu, chenye picha ya Bikira kwenye kila paja. Nilikaa upande wao, kwa kuwa ndio niliowajua. Padri alipowakaribisha "wamama wote waliotembea kutoka Bukavu," alinitazama kwa muda, kisha akaniinamishia kichwa.

Chakula kilipogawanywa nilichukua sahani yangu ya maharage na ndizi, nikaenda kujificha nyuma ya ukuta kama kawaida. Jua lilikuwa kali, ukuta haukuwa na kivuli. Mama mkwe alinitazama, yaani alitazama ukuta, akasogea kwenye mkeka wake.

"Kuja ukae hapa. Unigeuzie mugongo."

Tulikula mgongo kwa mgongo, kila mmoja akiangalia upande wake, tukipeana chumvi kwa nyuma.

Wiki iliyofuata sebule yetu ilijaa wamama wa kundi. Wote walitaka fimbo. Mke wangu, aliyekuwa amerudi, akaniita nitoke jikoni niwaeleze ni zipi nzuri, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Nilifika mlangoni, nikasafisha koo.

"Yule?" mama mkwe wangu alisema, akiwa ameketi katikati yao. "Yule anajua namna ya kuanguka. Habari ya fimbo muniulize mimi."

Nikarudi jikoni kumalizia chai yangu.