Malkia Aliyekaa Eda

Katika nyumba yetu ya Mabela, pembeni mwa Maskati, neno mapinduzi lilikuwa halitajwi. Mama alisema "yale mambo", na wageni wake, karibu wote watu wa Unguja, nao walisema "yale mambo", na sote tulijua ni mambo gani. Bahati yangu ni kwamba kazi iliyonilisha ilikuwa kufundisha mapinduzi. Nilikuwa mwalimu wa historia katika skuli ya sekondari ya wasichana, na kila mwaka, joto la Maskati likianza kupungua, tulifika kwenye sura ile ile: waandishi wa Ulaya waliosema kwamba binadamu huzaliwa huru, Waamerika waliomkataa mfalme wa Kiingereza, Wafaransa waliomkata wa kwao kichwa, na watumwa wa Haiti walioyasikia maneno hayo hayo ya uhuru wakauliza, na sisi je?

Sijapata kuipenda sura ile. Wasichana walikariri sababu zake, njaa, kodi, dhuluma, wakazimwaga kwenye mtihani na kuzisahau wakiwa bado kwenye basi la kurudi nyumbani. Mimi zilinikaa, na hilo lilinitia hasira.

Baba yangu alichukuliwa Unguja mwaka wa sitini na nne, nikiwa sijatimiza miaka mitatu. Alikuwa na duka dogo shamba, nje ya mji, la sukari, mafuta ya taa na kanga mbili tatu. Watu walikuja asubuhi wakamwambia Mama kwamba mumewe anakwenda kuulizwa maneno mawili tu, kisha atarudi. Hakurudi, wala maiti yake haikuonekana. Mama akalishika neno lao. Mume aliyeambiwa atarudi hajafa, na mwanamke ambaye mumewe hajafa hakai eda. Kwa hiyo hakuikaa ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane hutulia ndani, bila hina, bila manukato. Khitma ya kumrehemu haikusomwa. Tulipokuja Omani alikuwa bado kijana na uzuri wake, na waliomposa walikuwepo. Aliwajibu kwamba yeye ana mume.

Kila Alkhamisi jioni alitoa sandukuni kanzu ya Baba, moja pekee aliyotoka nayo Unguja, akaifukiza udi. Aliishika juu ya chetezo, akaigeuza mbele na nyuma, mikono na kola, taratibu, ili mwenyewe akija aivae kwa sala ya Ijumaa. Kisha akaikunja na kuirudisha. Mjomba wangu, ndugu yake Mama, alikuja kila Ramadhani kumsihi.

"Dada, tumsomee khitma. Miaka imekwenda."

"Muue wewe," Mama alimjibu. "Mie simo."

Na mimi je? Hakuna aliyeniuliza. Kila baada ya sala nilitaka kumwombea baba yangu, na kila mara ulimi ulikwama. Aliye hai huombewa arudi salama; aliyekufa huombewa rehema. Nilikuwa mwanamke mzima, mwenye shahada na watoto, nimeinua mikono juu ya mswala na sijui nimwombee lipi. Wakati mwingine niliishusha bila kusema kitu. Nilimkasirikia Mama kuliko hata wale waliomchukua, kwa sababu Mama nilimuona kila siku.

Nilikuwa na tabia ya kulisema somo kwa sauti kabla ya kwenda kulifundisha. Alasiri moja nilikuwa nazunguka jikoni na kitabu mkononi, Mama kakaa kitako anachagua mchele kwenye ungo. Kiarabu cha kitabuni hakikumfika. Chake yeye kilikuwa cha sokoni na cha msahafu.

"Hebu nambie kwa Kiswahili," alisema. "Kila siku nakusikia unapiga kelele humu, sijui unagombana na nani."

Nilisita, halafu nikaona potelea mbali. "Wafaransa, Mama. Walimwondoa mfalme wao."

"Kawafanya nini?"

"Walikuwa na njaa. Mkate ulikuwa ghali, na wakubwa walikula wakasaza."

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakiweka pembeni. "Wenye njaa hata kwetu walikuwepo. Tukiwaona, tukapita zetu." Akachambua kidogo. "Lakini baba yako alikuwa anauza mafuta ya taa."

Nilisimama pale pale. Katika umri wangu wote sijamsikia akisema hata hicho kidogo. Mwalimu anajua mwanafunzi akianza kuzungumza usimkatize, kwa hiyo nilifunga kitabu nikamwacha aendelee.

"Huyo mfalme wakamfanyaje?"

"Wakamuua."

"Mkewe alikuwepo?"

"Alikuwa gerezani, yeye na wanawe."

"Sasa nani alompelekea habari?"

Nilimwambia nilivyosoma: kwamba malkia hakungoja kuambiwa. Kule ndani alisikia ngoma za askari na kelele za watu mjini, akajua.

"Akajua tu?"

"Akajua. Kisha akaomba nguo nyeusi za msiba. Wakamletea, akakaa nazo humo gerezani."

Mama aliuweka ungo chini. "Mzungu yule," alisema. "Asojua udhu wala kibla. Kakaa eda ya mumewe."

"Si eda, Mama. Wao hawana eda."

"Kavaa msiba, katulia ndani. Wewe unaitaje?"

Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anakusanya punje zilizomwagika sakafuni, moja moja.

"Na mie nlisikia," alisema. "Bunduki. Upande wa minazi, kabla ya alasiri. Nlikuwa nakukosha miguu. Nkajua."

Nilitaka kupiga ukelele. Ulijua? Ulijua, na mimi utoto wangu mzima kila mlango ukigongwa nakimbia kufungua? Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Nilichosema ni, "Kwa nini, Mama?"

"Wao walitoa ahadi," alisema. "Mbele ya mlango wangu, walisema atarudi. Nkikaa eda ndo nimewafutia. Nkasema sikai. Wabaki wanadaiwa." Akanitazama. "Nani aliyekuja kulipa, mwanangu? Hapana hata mmoja. Nimemdai nani miaka yote hii?"

Akalia, bila sauti, mikono imejaa mchele. Mimi nilikaa chini karibu yake. Sikujua kumbembeleza, hatujazoea mambo hayo, nikamshika mguu tu.

Siku ya pili alimwita Mjomba, akamwambia anataka kukaa eda. Mjomba, masikini, alikwenda kumuuliza sheikh, akarudi na jibu ambalo hata mimi nililitarajia: eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, wakati wake umepita zamani, Mama hana deni lolote.

"Mwambie sheikh ahsante," Mama alisema. "Sikuuliza kama ni lazima."

Akaingia chumbani kwake. Nilidhani watu watacheka: bibi mwenye wajukuu, anamkalia eda mume wa zamani zile. Hapana aliyecheka. Wanawake wa Unguja walikuja kutoka Ruwi na kutoka Sibu, wakavua viatu mlangoni na kukaa naye siku nzima, na wengi wao niliona wanalia zaidi ya inavyompasa jirani. Kila mmoja alikuwa na wake. Alkhamisi ilipofika chetezo kilibaki juu ya kabati, na nyumba ikanuka kitunguu tu cha mchana. Nilikwenda skuli nikaifundisha sura yangu kama kawaida. Nilipofika kwa malkia na nguo zake nyeusi, niliwaambia wasichana wafungue ukurasa unaofuata.

Eda ilipokwisha tulisoma khitma. Wanaume walikaa sebuleni, sisi wanawake chumba cha pili, mlango wazi. Aliyeongoza dua akauliza ni nani tunayemwombea. Mjomba alikohoa, lakini Mama alimtangulia. Kutoka alipokaa, kwa sauti iliyofika kule kote, alilitaja jina la Baba na jina la babake, na mbele yake akaweka neno ambalo hajaliweka hata siku moja: marehemu.

Watu walipoondoka ilikuwa magharibi. Tukasali, yeye na mimi, bega kwa bega. Nilitoa salamu, nikainua mikono, na ulimi ukakwama pale pale ulipozoea kukwama. Mama alinigeukia.

"Sema," aliniambia. "Mwombee rehema."

Nikasema. Kisha nikamlilia baba yangu kwa sauti kubwa, mtu mzima, watoto wangu wananitazama mlangoni, na Mama akaniacha nilie mpaka nikachoka.