Kitu Kimoja kwa Kila Mtoto

Kwa miaka kumi na miwili, mtoto yeyote aliyeugua katika makao yale nje kidogo ya Katoro alipita kwanza mikononi mwa Melania. Watoto walikuwa ishirini na watatu. Wengine walitolewa machimboni walikokuwa wakiponda mawe ya dhahabu, wengine waliletwa kwa amri ya mahakama ya watoto. Melania hakusomea uuguzi. Alikuwa muuza mchele Kahama mpaka mumewe alipokimbilia rashi, huko walikosema dhahabu mpya imelipuka, akaenda na mwanamke mwingine wala hakuaga. Kabla ya hapo mimba zake mbili zilikuwa zimeharibika. Akaomba kazi ya ulezi, akapewa, na wiki ya kwanza tu mtoto mwenye homa akamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Basi, akanasa hapo hapo.

Mafaili ya watoto yalikuwepo, yamejaa vumbi na barua za ustawi wa jamii. Habari za miili yao alikuwa nazo Melania kichwani. Daktari wa hospitali akiuliza neno, mkuu wa makao, Mzee Mabula, alikuwa akigeuka na kusema, "Muulizeni mama huyu." Melania aliipenda sentensi hiyo kuliko mshahara.

Mwaka huu ndipo akaletwa Shadya, muuguzi wa miaka ishirini na sita, mtoto wa mjini Kahama, ushungi mweupe na Kiswahili kilichonyooka. Angekuwa mvivu, Melania angempenda. Angekuwa na kiburi, angalau angepata la kumsema jikoni. Lakini binti alikuwa hodari, alikuwa mpole, na kila asubuhi alipiga goti kidogo: "Shikamoo, mama." Melania aliitika marahaba huku roho inamuuma.

Shadya alileta mafaili mapya, akamketisha siku mbili nzima. "Mama, wewe ndiye unayewajua. Nisimulie mmoja mmoja, niandike."

Melania akasimulia. Lakini kwa kila mtoto alibakiza kitu kimoja. Davis hutapika vidonge asipotanguliziwa uji, hakusema. Tabu akianza kukojoa kitandani, ujue mkojo una maradhi, hakusema. Akijua fika anachofanya, alibakiza vitu ishirini na vitatu. Hakutaka mtoto yeyote adhurike, hilo tusimsingizie. Alitaka tu muuguzi akwame, aje mpaka mlango wa jikoni, alikoshinda Melania siku hizi, mbele ya wapishi, aseme, mama, hapa sielewi.

Walipofika kwa Nyamizi, msichana wa miaka kumi na miwili, Shadya aliuliza, "Kuna dawa inayomdhuru?"

"Hana."

"Una hakika, mama?"

"Mwanangu, mimi ndiye niliyewalea."

Miaka minne nyuma, Nyamizi alivimba midomo na macho kwa sindano moja ya penisilini. Melania alimpepea usiku kucha, na habari hiyo haikuandikwa popote.

Shadya hakuja jikoni. La Davis alilitambua mwenyewe ndani ya wiki. Watoto wakahamia kwenye kibaraza cha chumba cha dawa, wengine hawana hata mafua, wanataka tu kupimwa joto na kuulizwa wameamkaje. Melania aliwaona, akawaita wanafiki moyoni, watoto wadogo wale! Kisha siku moja akamsikia Nyamizi, Nyamizi wake, akimwita yule binti mayu. Siku hiyo alitia chumvi mara mbili kwenye maharage, na alipoambiwa akafoka.

Jumatatu asubuhi alikuwa akichambua mchele alipomwona Nyamizi akipita na kitambaa shingoni, ameshika koo. Zamani angekuja kwake. Alipita bila hata kugeuza uso, moja kwa moja kwa Shadya.

Melania alijua koo hutibiwa kwa dawa gani. Ungo ukasimama mapajani. Akajiambia, atakuja kuniuliza. Akatoa jiwe moja, akatoa la pili. Mwache aje. Alikuwa kwenye jiwe la ishirini hivi moyo ulipompiga, akautupa ungo na kukimbilia chumba cha dawa, mchele ukimwagika.

Kikombe cha maji kilikuwa kitupu tayari, kidonge kimeshamezwa. Mtoto alikaa kwenye benchi akijikuna shingo, midomo imeanza kujaa, na pumzi inatoka kwa mluzi.

"Penisilini haipatani naye!" Melania alipiga kelele. "Haipatani naye tangu zamani!"

Shadya hakuuliza tangu lini. Alimlaza mtoto, akavunja kichupa cha adrenalini, akamchoma pajani, akaita gari. Mikono yake haikutetemeka. Hata wakati ule, Mungu amsamehe, Melania aliliona hilo na likamchoma.

Nyamizi alipona. Saa nane mchana alikuwa amekaa kitandani hospitalini akidai soda.

Jioni Mzee Mabula aliwaita wote wawili ofisini. Faili lilikuwa wazi mezani. "Hapa pameandikwa hana dawa inayomdhuru. Mwandiko wako, Shadya."

Shadya alimtazama Melania, kisha akainamisha uso. "Labda nilimsikia mama vibaya, mkuu."

"Basi nitawaandikia hivyo wakubwa wa wilaya, nao watakuhamisha. Siwezi kukaa na muuguzi asiyesikia."

Melania alikuwa ameliomba neno hilo kwa miezi saba, kanisani na kitandani. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Chumba cha dawa kingebaki bila mtu, watoto wangerudi jikoni. Akanyamaza, kweli alinyamaza, mpaka mkuu aliposhika kalamu.

"Alisikia vizuri," akasema. "Aliniuliza mara mbili. Nilimficha."

"Ukamficha? Kwa nini?"

"Mayu walikuwa wananiita mimi."

Mzee Mabula aliiweka kalamu chini. Shadya akaivuta upande wake, akachukua karatasi mpya. Alipoinua macho, hayakuwa na hasira wala ule upole wa kila asubuhi.

"Hao wengine ishirini na wawili," alisema, na neno mama hakulitia. "Umewaficha nini?"