Somo Yangu Zena Alikataza Sifa Kwenye Shafti

Ninyi mlioko Dar, mmepotea mpaka sura zenu nimezisahau! Haya someni basi, maana simu mnazishika kutwa. Somo yangu Zena katutoka jana alfajiri. Moyo unakataa. Bado namsikia akinifokea.

Zena, yule mwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Salale. Mama mzima, kanga kiunoni, spana mkononi.

Nina hasira, sifichi. Jana tunakoboa mpunga wa msibani, puli, lile gurudumu la mkanda, ikatembea kwenye shafti, chuma kinachoizungusha, mkanda chini! Waombolezaji wamejaa uani, maji yanachemka, mchele hamna.

Kumbe mwanawe Mwinyi kaipaka shafti sifa, yale mafuta ya papa ya kupakia mitumbwi. Eti anaitunza mashine ya mama isishike kutu.

Maji chumvi yametuzoesha, kila kitu tunakipaka sifa. Zena kapiga kelele maisha yake yote: “Shafti si mtumbwi, wewe! Ringi itashika wapi na umeilainishia?”

Ringi ndiyo inayobana pale, puli isikimbie. Ya kwanza ilikuwa ya skrubu moja. Inaitia shafti kidonda, mashine ikitetemeka inaachia. Akaitupa, akaleta ya vipande viwili, inabana pande zote.

“Hii, somo, inakumbatia kama mume aliyetoka safari.” Wallahi nilicheka nikakaa chini!

Siku moja nikakaza bolti ya upande mmoja mpaka mwisho, na bomba nimechomeka kwenye spana. Akaninyang'anya. “Unakaza au unaua? Huku kidogo, huku kidogo, mpaka zitoshane!”

Basi jana nikamfokea Mwinyi, kisha nikamkumbatia, maskini, kafiwa na mama. Tukazima mashine. Nikafuta shafti kwa tambara na petroli, na ringi kwa ndani, mpaka kidole kikawa hakitelezi.

Tukarudisha puli na mkanda, nikakaza ringi. Huku kidogo, huku kidogo, machozi yananidondoka. Ikashika! Watu wamekula, Zena.

Lakini umeniudhi, somo. Umeniacha na watu wenye mikono ya mafuta, nani atanifokea mimi? Nenda, mwenzangu. Mola akupanulie kaburi, ulale huna deni la kazi. Mashine nitaishika na mwanao.

Na ninyi mliopotea, mkija arobaini piteni kwanza mashineni. Naweni mikono kwa sabuni, mkaushe, ndipo muiguse ringi ya Zena.