Spana ya Jumapili

Jana niliikuta spana kubwa ya Baba chini ya kitanda, bado inanuka dizeli, nikakumbuka ile Jumapili ya utotoni mwangu katika mji mkavu wa Kutulo. Mashine ya kisima ilikuwa imezima tangu asubuhi, na vilio vya ngamia wenye kiu vilifika hadi ndani ya kanisa letu la mabati. Baba ndiye aliyekuwa fundi. Akainuka katikati ya mahubiri.

"Fundi, leo ni siku ya Bwana," mzee wa kanisa akamzuia mlangoni. "Ukienda, usituletee mikono ya mafuta humu."

"Basi naenda kumtumikia kisimani," Baba akasema, akanishika mkono.

Nikadhani Mungu mwenyewe yuko kule anangoja. Baba aliikaza mashine kwa spana hii, na ilipokohoa na maji yakafoka, nilimtafuta Mungu hadi nyuma ya ngamia. Nikamwona tu bibi mmoja Msomali akinywa kwa viganja.

"Alhamdulillahi! Wewe fundi, Mungu amekuleta."

Nilinuna njia nzima kwa kuwa sikumwona Mungu. Siku hizi hilo halinisumbui.

Jioni Baba alirudi kanisani bila kunawa, akaketi benchi la mbele. Nami, niliyeogopa hata kutazamwa na watu, nilijipaka viganjani grisi ya mikono yake, nikaketi kando yake.