Ukuta wa Chumba cha Mama

Nyumba yangu ya Haltom City, huku Texas, niliinunua bila kusaidiwa na mtu, mimi niliyeacha shule darasa la sita. Ni ya zamani, ya matofali ya saruji, na matofali hayo niliyaamini kuliko watu. Lakini mama yangu, aliyekuja kutoka Nakuru kukaa nasi, tulimpa chumba cha upande wa magharibi, na kila jioni ukuta wake ulikuwa moto kama sufuria.

"Nikatie tiketi nirudi kwangu," akawa anasema. "Hapa nitaiva."

Mama akirudi, watu wa kwetu wangesema nini? Kwamba nina malori mawili na nimeshindwa kumtunza? Nikatafuta fundi.

Fundi alikuwa Mkenya mwenzangu, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Alitaka kubandika mabamba ya foam ukutani kwa nje, kisha wavu, kisha plasta. Nikainua bamba moja. Jepesi kama mkate.

"Hii ndiyo itazuia jua la Texas?"

"Mzee, hili ni koti la nyumba."

"Koti? Na joto hili la Julai?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Kwetu ukijenga unakaa pale pale, maana ukigeuka tu saruji imekuwa ya mtu mwingine. Nikaweka kiti cha plastiki kwenye kivuli cha lori, chai nikaletewa huko huko. Mke wangu, ambaye ni nesi, akasema majirani watadhani amenifukuza. Kila bamba lilipobandikwa niliinuka nikaligonga. Moja likalia kama debe tupu. Nikamwambia fundi alitoe. Gundi ilikuwa katikati tu, kingo zote kavu.

"Kwani wewe ni inspekta?"

"Mimi ndiye mwenye nyumba. Hicho ni cheo kikubwa zaidi."

Tangu hapo alipaka gundi kwa adabu. Bila mimi, ukuta ule ungebanduka mvua ya kwanza tu.

Plasta ilipokauka, niliingia chumbani kwa mama wakati wa jua kali, nikaweka kiganja ukutani. Umepoa! Nikamwambia naye aguse.

Akagusa. "Ni kweli, umepoa. Umefanya kazi nzuri, baba. Sasa nikatie tiketi."

Nilikuwa nimemshuku fundi, nimeishuku gundi, hata wepesi wa foam. Mama mwenyewe sikuwa nimemshuku hata kidogo.

"Mama, si ulisema ni joto?"

"Ningesema nini? Kwamba mko kazini kutwa, na watoto wakirudi wananijibu Kiingereza? Ungeumia. Nikasema joto." Akaonyesha dirisha. "Nyumba ya pili kuna mama Mkongo, anaongea Kiswahili kwenye simu. Nilikuwa namsikia, nacheka naye peke yangu. Fundi wako ameziba kila ufa. Sasa simsikii hata yeye."

Sina desturi ya kubisha milango ya watu. Lakini jioni ile nilivaa shati safi, nikavuka uani, nikapiga hodi. Yule mama akafungua mlango nusu, akanikagua kuanzia viatu hadi kichwa.

"Unauzisha nini, papa?"

"Siuzi kitu. Nina mama yangu hapo. Anatafuta mtu wa kuongea naye."

Akachungulia nyuma yangu, kama kwamba kuna mwenzangu aliyejificha. Akanitazama tena. Kisha akavaa kandambili.