Kadi ya Kasi na Kabati la Mama

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, ambapo kiburi changu kilikaribia kumnyima baba yangu haki ya kumwozesha binti yake. Umeniuliza kadi gani ya mtandao ina kasi zaidi kwa kompyuta yako ya nyumbani. Nitakujibu, lakini kaa kwanza, maana swali hilo liliwahi kuniaibisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na mtaani kwetu Nyakabiga hapakuwa na ajuaye kompyuta kama mimi, au ndivyo nilivyojiona. Dada yangu Zaina alikuwa Kanada na amepata mchumba. Baba miguu ilikuwa imemgomea, hatoki chumbani. Yeye na Zaina wakakubaliana na sheikh wa kule kwamba Ijumaa alasiri Baba aonekane kwenye kioo cha kompyuta, aseme mwenyewe kuwa anampa sheikh huyo uwakili wa kumwozesha bintiye kwa niaba yake. Asipoonekana na kusikika vizuri, watamsimamisha mzee mwingine wa msikiti wa kule badala yake. Baba aliposikia habari ya huyo mzee mwingine alimwambia Mama ampigie kanzu pasi siku hiyohiyo. Simu haikumfaa, macho yake hayakuona tena vitu vidogo, ndiyo maana nilimwekea kompyuta kubwa kando ya kitanda.

Tulipojaribu Jumatatu, picha ya Zaina iliganda mdomo wazi, na sauti ikawa inakatika-katika. Mi nikaamua palepale: ni karti rezo, ile kadi inayoiunganisha kompyuta na mtandao, imezeeka. Nikaenda mjini. Mwenye duka, mama mmoja mtaratibu, akaniuliza modemu, kile kisanduku kinacholeta mtandao nyumbani, nimeiweka wapi, kuta zetu ni za nini, na kama waya hauwezi kufika kwenye kompyuta. Nikamkatiza, nikamwambia mimi ni fundi, anipe yenye kasi kuliko zote. Akanipa. Ilikuwa na antena tatu, nami nikaibeba mkononi bila mfuko, watu waione.

Nikaifunga. Picha ikaganda vilevile. Alhamisi nikarudi dukani nikamfokea yule mama mbele ya wateja kwamba ameniuzia takataka. Nilitoka pale najiona mshindi, na mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Ijumaa Baba alikuwa amevaa kanzu tangu alfajiri. Mimi bado nabonyeza-bonyeza, jasho linanitoka. Maisha yake yote Baba alikuwa fundi wa magari kule mtaa wa Buyenzi. Akaniambia taratibu:

"We mutoto, gari ikikosa nguvu, mi nilikuwa naanza wapi?"

Nikamjibu kwamba alikuwa anaanzia kwenye tangi, halafu anafuata bomba la mafuta mpaka kwenye injini.

"Sasa we kila siku unafungua injini tu. Tangi umeiona?"

Tangi yetu ilikuwa modemu. Nikaenda sebuleni, sikuiona. Nilipomuuliza Mama, alitoa ufunguo kwenye pindo la kitenge, akafungua kabati la vyombo. Kumbe alikuwa ameiweka humo, nyaya zake zikipita mgongoni mwa kabati, nyuma ya masinia ya bati na chupa mbili za chai, ameifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe ili isipate vumbi. Siku zote hizo antena zangu zilikuwa zinatafuta kitu kilichofungiwa kabatini, ng'ambo ya kuta mbili. Mama akaniambia ningemuuliza tangu Jumatatu angenionyesha, na alisema kweli.

Nikaitoa. Nikaazima waya mrefu wa mtandao kwa jirani, nikaupitisha juu ya milango mpaka chumbani kwa Baba, nikauchomeka kwenye tundu ambalo kompyuta ilikuja nalo kutoka kiwandani. Kadi yangu ya antena tatu haikuwa na kazi tena.

Alasiri Zaina akatokea, uso mzima, hina mikononi. Sheikh akauliza, Baba akajibu kwa sauti yake mwenyewe, akampa uwakili, na hakuna neno lililokatika. Alhamdulillahi, nilifurahi mno. Baada ya dua Baba akasogea karibu na kioo, akamtazama bintiye.

"Mutoto amekonda," akasema, na Zaina akaangua kilio.

Jumatatu yake nilikwenda kumwomba radhi yule mama wa duka, mbele ya wateja vilevile.

Basi, mwanangu, kabla ya kununua kadi, tafuta kasi inapotelea wapi. Angalia laini yako inaleta kiasi gani na modemu inatoa kiasi gani, maana kadi haiwezi kupokea zaidi ya inachopewa. Kompyuta yako haihamihami, ipe waya ukiweza. Usipoweza, nunua kadi inayopatana na modemu yako na inayoingia kwenye nafasi iliyomo ndani ya kompyuta, na usizibane antena zake ukutani. Na muuzaji akikuuliza maswali kabla ya kukuuzia, mjibu kwa adabu, anakutakia mema.

Mungu akujalie kusikia mapema kuliko mimi, na popote atakapokupeleka, wazazi wako wasikose kuuona uso wako. Amina.